Kengele ya Wivu katika Nchi ya Uwayani

Kwa heshima na taadhima, watu wote wa bara na wa visiwani, wenye shahada na wenye vyeti vya chanjo tu, wanatangaziwa kwamba Mheshimiwa Chande Mbwana, Mchunguzi Mkuu wa Barua, Simu za Maandishi na Simu za Mdomo, ameteuliwa kwenda nchi ya Uwayani kuyatazama mambo ya huko kwa jicho kali, na kurudi na taarifa itakayolinufaisha taifa kwa vizazi vingi.

Tangazo hili aliliandika Chande mwenyewe, akalisoma mwenyewe mbele ya bwalo la shule, na waliohudhuria walikuwa mpishi na masufuria yake. Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Chande alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tano aliyefukuzwa kwa muda. Aliingia ofisini kwa mkuu wa shule wakati mwenyewe yuko chooni, akapiga simu wilayani kwa sauti ya mkuu wa shule, akaagiza ndizi za kutosha bweni zima na kikundi cha ngoma, kwa ajili ya sikukuu ambayo haimo katika kalenda ya dini yoyote. Ndizi zilifika. Ngoma nayo ikafika, na mkuu wa shule akalazimika kuicheza, kwa kuwa mkuu wa wilaya alikuja kutazama.

"Wewe utakwenda Uwayani," mkuu wa shule alimwambia kesho yake, akijisugua kiuno. "Nina ndugu zangu huko. Ukae nao uwaone watu wanaoiheshimu simu. Ukirudi nitataka taarifa."

Ya njiani hayana faida kwa msomaji. Yalikuwa ya kukaa na kusinzia.

Uwayani ni nchi ya waya mmoja. Waya huo huanzia katika Nyumba ya Waya, katikati ya mji mkuu, ukapita juu ya mashamba na mapaa ya watu mpaka mahali panapoitwa Mwishowaya, ambako nguzo zinakoma na pori linaanza. Kwa kuwa waya ni mmoja, katika nchi nzima husema mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na zamu ya kusema hungojewa kwa miezi. Lakini kusikia ni haki ya kila raia. Kila nyumba ina kikombe cha bati kilichofungwa kwenye uzi wa shaba unaoteremka kutoka nguzoni, na jioni watu hukaa barazani, vikombe masikioni, wakisikiliza mambo ya wenzao kwa utulivu kama wanaongoja mwezi wa Idi uandame.

Chande alipokelewa na Bi Mwanahawa, mjane mnene, mcheshi, aliyekuwa shangazi wa mkuu wa shule kwa njia ambayo hakuna aliyeweza kuieleza hadi mwisho. Jioni ya kwanza alimpa mgeni kikombe. Chande alisikia mwanamume akitaja majina. Aliyataja taratibu, moja baada ya jingine, kila jina na heshima yake: shikamoo kwa huyu, pole na kazi kwa yule, hongera ya mjukuu kwa mwingine. Mara ikasikika sauti ya afisa ikisema, "Udi umekwisha," na mtu wa pili akaanza kutaja majina yake.

"Yule wa kwanza alikuwa anataka kusema nini?" Chande aliuliza.

"Nyumba ya mama yake imeezuliwa na upepo. Alikuwa anaomba watu wakamsaidie kuezeka."

"Mbona hakusema?"

"Udi si umekwisha, mwanangu? Atapata zamu tena kiangazi kijacho. Mvua nazo zitakuwa zimepungua."

Ndipo Bi Mwanahawa alipomweleza asili ya mambo. Zamani waya ulipofungwa, mtu wa kwanza kuusemea alimwambia nduguye kwamba ng'ombe amezaa. Akanyamaza, akaondoka. Majirani zake walikuwa na vikombe masikioni wakingoja kusikia majina yao. Hawakuyasikia. Mtaa mzima ukamnunia yule bwana, wengine wakahama, na maziwa ya ng'ombe yule yakachacha kwa kukosa mnunuzi.

"Kwa sababu ya ng'ombe?"

"Ng'ombe ana kosa gani? Kwa sababu hawakusalimiwa."

Serikali ikaona hatari. Ikatunga Sheria ya Salamu, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa dola. Sheria yasema kwamba ujumbe wowote, wa barua, wa simu ya maandishi au wa simu ya mdomo, sharti kwanza umsalimu kwa jina kila mtu ambaye angeona wivu kwa kutotajwa. Barua za Uwayani kwa hiyo hubebwa kwa mkokoteni, barua moja mkokoteni mmoja. Simu ya maandishi ina majina yote ya ukoo na neno moja la habari pembeni, na karani akikosa nafasi hulikata neno hilo, kwa kuwa majina hayakatiki. Na simu ya mdomo hudumu kwa muda wa kijiti kimoja cha udi, ambacho huwashwa mtu anapofungua kinywa. Wenye ukoo mdogo wamewahi kufikia "dhumuni la simu hii ni". Zaidi ya hapo wamefika wachache.

Chande, kama mchunguzi mkuu, aliyachunguza mengine pia. Aliona kwamba stempu za nchi hiyo ni vikaratasi vyeupe. Kila waziri alitaka sura yake, kila waziri akaona wivu kwa sura ya mwenzake, na baada ya mabishano marefu ikakubaliwa stempu isiwe na sura ya mtu. Iliwahi kuwekwa picha ya twiga, lakini Waziri wa Mifugo akasema twiga si wa wizara yake. Aliona pia kwamba ujumbe wa serikali hutangulia ujumbe wa watu. Siku mto ulipofurika upande wa magharibi, habari ya mafuriko ilingoja nyuma ya Waziri wa Fedha, aliyekuwa akimuuliza Waziri wa Ardhi hali ya mafua yake, na ofisi zao zinatazamana. Simu za nyumbani hupewa watu wasio na la kusema, kwa hoja kwamba wenye la kusema wangeuchosha waya.

Ila jambo lililomfurahisha zaidi lilikuwa kengele.

Kengele hiyo imetundikwa kwenye baraza ya Nyumba ya Waya. Anayehisi kwamba atarukwa katika ujumbe wa mtu ana haki ya kuipiga kabla ujumbe haujaingia kwenye waya, na ujumbe huo huzuiwa. Wala hafanyi hivyo kwa kificho. Huoga, hunyoa, huvaa nguo ya sikukuu. Husimama barazani, akavuta kamba, akatangaza kwa sauti: "Mimi fulani bin fulani, naona wivu." Watu wote walio karibu hujibu: "Una haki." Kisha hupewa kiti na maji ya kunywa.

Mzee Kitwana, jirani wa Bi Mwanahawa, alikuwa bingwa wa kengele hiyo. Alikuwa na kanzu yake maalumu ya wivu, imepigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe.

"Juzi nimempigia kengele shemeji yangu," alimwambia Chande kwa fahari. "Alitaka kunitaja baada ya kaka yangu mdogo."

"Na ujumbe wake ulikuwa wa nini?"

"Nasikia mkewe kajifungua mapacha. Sijui. Haujapita."

Chande alicheka mpaka akakaa chini. Angeendelea kucheka hivyo mpaka siku ya kurudi shuleni, na taarifa yake ingekuwa ya kuchekesha kupita zote, kama Mashavu asingekuwamo katika nyumba ile.

Mashavu alikuwa binti wa Bi Mwanahawa, mwenye miaka ishirini na kitu, mrefu, wa kucheka kwa pua. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Chande alipomwona alisahau vyeo vyake vyote. Alimpa shikamoo kwa kubabaika, akamwita dada Mashavu, na Mashavu akamwita mdogo wangu, na neno hilo likamkaa Chande kama kokoto ndani ya kiatu.

"Mdogo wangu, umekula?"

"Mdogo wangu, usikae juani."

"Mdogo wangu, nishikie uzi huu."

Alishika uzi. Angeushika mpaka mvi zimwote.

Jioni, kazi ikiisha, Mashavu hakuchukua kikombe kama wengine. Alikwenda kwenye nguzo iliyokuwa nyuma ya nyumba, akaiwekea kiganja, akasimama hivyo kwa muda. Chande aliichukia ile nguzo kabla hajajua sababu. Alimuuliza Bi Mwanahawa.

"Anamfikiria Sengo," mama alisema, akichambua mchele. "Fundi wa nguzo. Ndiye aliyeichimbia hiyo. Amemposa mwanangu, kisha kikosi chao kikapelekwa Mwishowaya. Sasa wanasubiri nguzo mpya zifike, waingie nazo porini wauendeleze waya. Wakishaingia, huko hakuna kikombe wala barua, na ni kazi ya miaka. Alisema atangoja jibu mpaka siku ya kuondoka. Asiposikia kitu atajua amekataliwa, atakwenda zake."

"Na dada Mashavu anataka kumjibu nini?"

Bi Mwanahawa alimtazama Chande kama mtu anayetazama mchele wenye mawe. "Mtu anashika nguzo kila jioni, mwanangu. Atakuwa anataka kujibu nini?"

Usiku ule Chande hakulala vizuri. Alijiambia kwamba ni mbu.

Kesho yake alifanya uchunguzi, rasmi kabisa.

"Huyo Sengo ni mrefu?" alimuuliza Mashavu.

"Anapanda nguzo, mdogo wangu. Urefu wa nini?"

"Amesoma?"

"Anajua kuandika jina lake. Na langu."

"Anachekesha?"

Mashavu alifikiri, akatabasamu kwa jambo ambalo hakulisema. Kwa Chande hilo lilikuwa baya kuliko majibu yote. Yeye alikuwa amemchekesha Mashavu tangu asubuhi, amemwigia waziri mwenye mafua, amemwigia Mzee Kitwana na kanzu yake, na Mashavu alicheka kila mara. Lakini tabasamu lile hakupewa hata mara moja.

Sasa, Mashavu alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni "ndiyo". Lakini mwanamke anayesuka nywele za mji mzima anajuana na mji mzima, na majina yake yangeteketeza udi wa mwaka. Sheria ina mlango mmoja wa kutokea. Mtu akienda mwenyewe dirishani kwa Msimamizi wa Waya, akasema "Nirukwe", basi huweza kurukwa katika ujumbe huo. Kusema hivyo ni kujishusha, na watu wa Uwayani hawajishushi bure. Kwa hiyo Mashavu alikuwa amewafuata mmoja mmoja. Kwa huyu alitwanga, kwa yule alisuka watoto wote, Mzee Kitwana alimfulia ile kanzu ya wivu na kuipiga pasi kwa msimu mzima. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Wote walikwenda dirishani wakasema "Nirukwe", Mzee Kitwana akalisema kwa kunung'unika kama mtu anayeng'olewa jino. Zamu ya Mashavu ilikuwa imekaribia, na amebaki mtu mmoja tu aliyelala chini ya paa lake na hajasema.

"Mdogo wangu," Mashavu alimwambia, "nakuomba kitu."

"Chochote, dada."

Walikwenda pamoja. Msimamizi wa Waya, Bwana Luhunga, alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kutazama karibu na nyingine kwa ajili ya cheo. Chande alisimama dirishani, akaweka mkono kifuani, akasema "Nirukwe" kwa sauti nzito ya kiserikali, akainama kidogo. Mashavu alicheka kwa pua. Kisha akamshika Chande shavuni kama mtoto, akasema, "Mungu akuweke, mdogo wangu. Sengo atafurahi akikujua."

Kama angesema nusu ya maneno hayo, pengine mambo yangekwenda sawa.

Adhuhuri ya siku ya zamu, mji ulikuwa ndani unakula. Mashavu alikuwa chumbani anavaa. Mtu asiyeonwa na mtu alipita nyuma ya maduka, akapanda baraza ya Nyumba ya Waya kwa vidole vya miguu, akavuta kamba kwa nguvu zake zote, akakimbia. Watu walitoka na matonge mkononi, tayari kujibu "Una haki". Barazani palikuwa na kengele inayoyumba.

Chande alipofika nyumbani alikaa mkekani, akakuta sahani yake imefunikwa, akala. Alijiambia kuwa huo ni utani tu, kama ule wa ndizi. Utachelewesha mambo kwa saa moja, watu watacheka, basi.

Lakini katika Uwayani kengele haipigwi kwa utani. Bwana Luhunga alitoka nje, akasoma sheria kwa miwani ya karibu, akatangaza kwamba wivu umepigwa, ujumbe wa Mashavu umezuiwa, na utaendelea kuzuiwa mpaka mwenye wivu apatikane. Mashavu alisimama pale amevaa kanga mpya, nywele zimesukwa vizuri, akatazama kengele.

"Nani?" aliuliza. "Nimemsahau nani?"

Alianza kuwataja watu kwa vidole, mtaa kwa mtaa, akitafuta kosa lake. Chande alikuwa nyuma ya umati. Alikuwa ametazamia kuona hasira. Hakuwa ametazamia kumwona akijilaumu.

Baraza la Waya, linaloamua mambo ya kengele, lilikaa. Chande aliingia kusikiliza kama mchunguzi, na mara ya kwanza tangu afike hakuona cha kuchekesha, ingawa vilikuwapo vingi.

"Huenda ni mbuzi," alisema Mjumbe wa Barua. "Mbuzi alionekana karibu."

"Mbuzi huona wivu?" aliuliza Mjumbe wa Nguzo.

"Wa kwangu huona. Ukimpa majani mwenzake, hali."

"Basi asalimiwe."

"Kwa jina gani?"

Wakabishana juu ya jina la mbuzi mpaka jioni. Siku ya pili ikaja hoja kwamba ulikuwa upepo. Mjumbe wa Nguzo alisema kwa uchungu kwamba upepo unautikisa waya kila siku tangu ufungwe, na hakuna raia aliyewahi kuusalimu. Watu waliinamisha vichwa kwa haya. Ikapitishwa kwamba tangu siku hiyo kila ujumbe utausalimu upepo, wa kaskazi na wa kusi, na kwamba upepo upelekewe barua ya kuulizwa kama ndio uliopiga kengele. Ikabaki kujadili mkokoteni uelekee upande gani.

Nyumbani Mashavu hakusuka. Wateja walikuja, akawaambia waje siku nyingine. Jioni alichukua kikombe, jambo ambalo hakuwa analifanya, akakaa nacho barazani karibu na Chande. Mtu wa Mwishowaya alikuwa akitaja majina. Katikati ya majina alimsalimu shangazi yake akampa pole, kwani mpangaji wake Sengo anaondoka alfajiri ya keshokutwa na mikokoteni ya nguzo, chumba kitabaki kitupu. Kisha akaendelea na majina.

Mashavu aliweka kikombe chini polepole.

"Pengine ni mimi," alisema. "Pengine kuna mtu nilimsuka vibaya akaninunia."

"Si wewe, dada," Chande alisema.

"Unajuaje?"

Hapo palikuwa mahali pa kukiri. Kinywa kilikuwa wazi, maneno yako mlangoni. Lakini alimfikiria Sengo alfajiri juu ya mkokoteni, akienda zake porini na nguzo zake, na Mashavu akibaki hapa na kucheka kwake, na wivu ukamshika, mtamu kama maji ya muwa.

"Nafikiri tu," alisema.

Kesho yake mkutano ulikuwa uwanjani, mbele ya Nyumba ya Waya, kwa kuwa mji mzima ulitaka kusikia habari ya upepo. Bwana Luhunga alivua miwani ya cheo, akaifuta.

"Nimekaa dirishani hapa tangu nina nywele," alisema. "Nimewaona watu wakipiga kengele hii kwa sababu za kila aina. Mzee Kitwana aliwahi kuipiga kwa sababu kivuli chake hakikusalimiwa."

"Na nilikuwa na haki," alisema Mzee Kitwana.

"Ulikuwa na haki. Lakini sijawahi kuona mtu wa nchi hii akipiga kengele halafu asitaje jina. Jina ndilo utamu wenyewe. Nani hapa angekubali kuona wivu na asijulikane?"

Watu walitazamana. Hata kufikiri jambo hilo kuliwatia kichefuchefu.

"Mbuzi hakimbii akishapiga," aliendelea Bwana Luhunga. "Upepo hauna cha kuficha. Aliyepiga kengele hii aliona haya. Na mtu anayeona haya kwa sababu ya wivu wake hakulelewa Uwayani."

Hakumtazama mtu. Hakukuwa na haja. Uwanja mzima ulimgeukia Chande na shati lake la shule.

Mashavu ndiye aliyesema. "Mdogo wangu?"

Chande alitafuta uongo. Siku zote alikuwa nao mwingi, mpya na uliotumika. Akapapasa, asiukute.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kama inavyosemwa," Bwana Luhunga alimwambia, bila ukali.

"Mimi Chande bin Mbwana," alisema, na sauti yake haikuwa ya mkuu wa shule wala ya waziri, "naona wivu."

"Una haki," uwanja ulijibu, na watu wakapumua. Mzee Kitwana alikuja akampa mkono, akamwambia kwamba kwa mara ya kwanza si vibaya, ila nguo. Mtu akaleta kiti. Mtu mwingine akaleta maji ya kunywa. Chande alikaa, akashika bilauri, na angefurahi kupigwa mawe badala yake. Mashavu hakujibu "Una haki". Alikuwa amesimama vilevile, mikono yake iliyochubuka imeanguka pembeni.

"Sasa sheria," alisema Bwana Luhunga. "Wivu ukishapata mwenyewe, zamu ni ya mwenyewe. Mashavu atangoja zamu nyingine. Chande bin Mbwana, waya ni wako mpaka udi uishe. Sema utakalo, kwa umtakaye."

"Zamu nyingine ni lini?" Chande aliuliza.

"Baada ya mavuno."

Chande aliinuka. Aliingia kwenye kijumba cha kusemea, akafunga mlango wa mbao. Ndani palikuwa na giza kidogo na harufu ya udi wa watu wengi. Bwana Luhunga alipitisha kijiti kwenye tundu, kikiwaka.

"Unamtaka nani?"

"Sengo. Mwishowaya."

Waya ulivuma. Chande alijua anayopaswa kufanya: kwanza Bi Mwanahawa, kisha Mzee Kitwana, kisha wajumbe kwa vyeo vyao, kisha kaskazi na kusi. Nje, vikombe vyote vya nchi vilikuwa vimeshapanda masikioni, na kila mtu anangoja jina lake.

"Haloo," ilisema sauti ya mbali, nzito, ya mtu aliyeitwa kutoka kazini.

"Mashavu anasema ndiyo," alisema Chande.

Nje pakalipuka kelele. Hakuna aliyesalimiwa, hata mmoja. Ujumbe ukishaingia kwenye waya hauzuiliki, lakini watu walikwenda kwenye kengele wakagombea kamba. "Mimi Kitwana bin Sururu, naona wivu." "Una haki." "Mimi Mjumbe wa Barua, naona wivu." "Una haki." Ukuta wa mbao ulitetemeka. Chande aliziba sikio moja kwa kidole, akabana la pili kwenye waya.

"Sema tena," alisema Sengo.

"Mashavu anasema ndiyo. Usipande mkokoteni kabla hamjaonana."

Udi ulikuwa umepungua sana. Kisha Sengo akapumua, pumzi ndefu, na Chande akaisikia yote, na ikamuuma.

"Mwenzangu ni nani?"

"Chande. Mgeni wao."

"Mbona neno la Mashavu lasemwa na mgeni? Yeye yuko wapi? Mgonjwa?"

"Mzima. Yuko hapa nje. Neno lake lilikuwa tayari tangu juzi, mikono imemchubuka kwa ajili yake. Lilizuiwa."

"Na nani?"

Kengele ilikuwa ikilia bila kupumzika. Chande angeweza kusema ni baraza, na asingekuwa mwongo kabisa. Angeweza kusema mbuzi, na kulikuwa na wajumbe ambao wangemtolea ushahidi. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo nyuma yake. Hakugeuka, lakini alijua ni Mashavu aliyesimama hapo.

"Na mimi," alisema. "Nilikwenda dirishani nikasema nirukwe, wote wakanisikia, naye akanishukuru. Kisha watu wakila nikaja nikavuta kamba, nikakimbia. Hana kosa lolote, hakumsahau mtu, mwambie hivyo ukimwona, maana mimi nimemwacha siku mbili akijitafutia kosa. Nilitaka neno hilo aniambie mimi. Na nilipomaliza nikarudi kwao, nikakaa mkekani, nikala chakula alichonifunikia, kama si mimi."